Mzee ana tiketi ya ndege kwenye simu, na simu yenyewe ni kitochi: wewe mwenye duka au wakala unamsaidiaje, na unachaji nini

Leo tuongee kuhusu wateja ambao wengi wetu tunawaona kila wiki na tunawamaliza kwa dakika mbili: wazee wanaokuja na tiketi ya safari iliyotumwa kwenye simu. Mimi niko huku Nyansurura, wilaya ya Serengeti, nina kibanda cha uwakala wa fedha na mashine moja ya kuprinti. Zamani tiketi waliyoniletea ilikuwa ya basi tu. Siku hizi naletewa za ndege, kwa sababu watoto wetu wako Dar, wako Arusha, wengine wako Oman na Ulaya, na nauli za ndege zikishuka wanaona bora mama apande ndege kutoka Mwanza kuliko kukaa kwenye basi siku nzima na mgongo wake unauma.

Mtoto anafanya kila kitu kwa simu yake. Analipa, anapokea tiketi, anaituma WhatsApp, anapiga: "Mama, tiketi nimeshatuma." Mama anaitikia asante. Mama ana kiswaswadu cha vitufe. Hiyo WhatsApp imeenda kwa mjukuu, na mjukuu yuko shule.

Kwanza tuelewane tiketi ni nini, maana hapa ndipo watu wanapoanza kuogopa bure. Tiketi ya ndege haiko ndani ya simu. Iko kwenye kompyuta ya kampuni. Kinachokuja kwenye simu ni taarifa tu kwamba nafasi yako ipo, na ndani yake kuna kitu kimoja kidogo chenye thamani kuliko vingine vyote: namba ya bukingi. Mara nyingi ni herufi na tarakimu sita zimechanganyika. Mwenye namba hiyo, pamoja na kitambulisho chenye jina lilelile, anaweza kutafutwa na mtu wa kaunta akapatikana. Kwa safari za hapa ndani, kutoka Mwanza kwenda Dar kwa mfano, mzee akifika kaunta na kitambulisho chake na namba ile, anahudumiwa na kupewa bodingi pasi ya karatasi palepale. Hahitaji simu janja. Nimekutana na wazee waliokopa simu ya jirani kwa siku tatu ili wasafiri nayo, na haikuwa na sababu yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa bure kabisa. Mpigie mtoto aliyenunua tiketi, mwambie atume SMS ya kawaida kwenye namba ya mzee. Sio picha, sio faili. SMS. Iwe na jina la kampuni ya ndege, namba ya bukingi, jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye tiketi, tarehe, na saa kwa Kiswahili. SMS inaingia kwenye kitochi, haili bando, na haifutiki mjukuu akibadilisha simu. Ukiinakili kwenye karatasi uwe makini na sifuri na herufi O, na moja na herufi I. Ukiwa na wasiwasi muulize mtoto neno kwa neno: "hii ni namba au ni herufi?"

Sasa saa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Mwaka juzi alikuja mzee mmoja, mnunuzi wa mahindi, tunaheshimiana sana. Binti yake alikuwa Dar, amejifungua kwa upasuaji, mume yuko safarini, hana mtu. Kijana mwingine wa mzee akamkatia baba yake tiketi ya Mwanza kwenda Dar ili akamuone, na mama angefuata kwa basi baadaye na mizigo. Tiketi imeandikwa 07:15. Mzee alisomewa na mtoto wa shule: saba na kumi na tano. Kwake yeye hiyo ni saa saba na robo mchana, na angekosea vipi, ndivyo tunavyoisoma saa sisi sote. Akalala Bunda kwa nduguye, akaondoka asubuhi na gari, akapita Lamadi, akapita Magu, akafika uwanjani saa tano akiwa na amani kabisa, anajiona kawahi. Ndege ilikuwa imeondoka tangu asubuhi. Nauli ilikuwa ile ya chini kabisa, na nauli ya chini kabisa kwa kawaida hairudishwi. Alikuja kwangu akiwa amesharudi, ananiuliza kama kuna fomu ya kujaza ili hela irudi. Hakuwa amemwambia mtu nyumbani. Binti alikaa siku nne zaidi peke yake na mtoto mchanga na kidonda.

Tangu hapo, karatasi yoyote ya tiketi inayopita kwangu naiandika saa kwa kalamu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: SAA MOJA NA ROBO ASUBUHI. Na chini yake naandika saa ya kufika uwanjani, maana hiyo ndiyo anayoihitaji mzee zaidi. Kanuni yenyewe ni rahisi. Saa ya tiketi ikiwa kati ya 07 na 18, toa sita: 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana. Ikiwa kati ya 19 na 23, toa kumi na nane: 19:15 ni saa moja na robo usiku. Ikiwa kati ya 00 na 06, ongeza sita: 05:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri.

Hiyo ya usiku wa manane ina mtego wake. Ndege nyingi za kwenda nje zinaruka usiku. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 00:30, mzee wetu atajiandaa tarehe 12 jioni, maana kwake usiku wa tarehe 12 unakuja baada ya mchana wa tarehe 12. Kumbe ndege imeruka usiku uliopita, usiku wa kuamkia tarehe 12. Andika hivyo hivyo: "Uwe uwanjani tarehe 11 jioni." Usiandike tarehe 12 mahali popote karibu na hapo, utamchanganya tu.

Jambo la pili lenye uzito ni jina. Huku kwetu mtu ana majina mengi na yote ni ya kweli. Kuna Bhoke wa nyumbani, kuna jina la ubatizo, kuna jina la baba, kuna Mama Chacha ambalo ndilo kijiji kizima kinamjua. Mtoto akikata tiketi anaandika jina analomwita mama yake kichwani. Kitambulisho cha NIDA kina majina mengine, au kina majina yaleyale yamepangwa vingine, au karani aliandika Boke bila h. Mtu wa kaunta hajui ukoo wako, anaangalia tiketi na kitambulisho kama vinafanana. Herufi moja mara nyingi inaongeleka. Jina zima tofauti ni shida, na likigundulika uwanjani saa moja kabla ya safari ni shida kubwa zaidi.

Kwa hiyo kabla mtoto hajalipa, mwambie mzee akuletee kitambulisho, msome jina herufi kwa herufi kwa simu. Kama tiketi imeshalipwa na jina limekosewa, mtoto apige simu kwa kampuni siku hiyohiyo, asisubiri. Kosa dogo la herufi likiripotiwa mapema lina nafuu kuliko likiripotiwa mbele ya kaunta. Na kwa safari ya nje ya nchi, jina linafuata pasi ya kusafiria, sio NIDA. Wazee wengine hayo mawili hayafanani, na hilo ni la uhamiaji na NIDA, wewe usijaribu kulitatua kibandani.

Nisimame kidogo hapa niseme neno kuhusu hizi ndege za bei nafuu, kwa sababu wengi wetu tunazizoea kama mabasi na sio mabasi. Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro mwezi Novemba 2012, ilitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu ambao hawakuwahi kuota ndege walipanda. Mwishoni mwa 2018 ikasimama hapa nchini, lakini ilishatufundisha aina ile ya biashara: kiti kinauzwa peke yake, halafu begi lina bei yake, kubadilisha siku kuna bei yake, kuchelewa ndio basi tena. Kenya wana Jambojet, ya Kenya Airways, imeanza 2014 kwa mtindo huohuo. Sio wizi, ni namna yao ya kupanga bei. Lakini ni namna inayomfaa mtu anayejua kusoma masharti kwenye kioo kidogo, na mzee wa miaka sabini hakuwa mtu huyo walipokuwa wanapanga.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Ryanair, kampuni ya Ireland inayobeba abiria zaidi ya milioni 200 kwa mwaka, tangu tarehe 12 Novemba 2025 imeacha bodingi pasi za karatasi ambazo abiria alikuwa anaprinti mwenyewe nyumbani. Sasa inatakiwa iwe kwenye programu yao ndani ya simu. Wazee wa huko walilalamika sana, na wana haki. Utaniuliza Ryanair inatuhusu nini Nyansurura, wakati haiji hata Nairobi. Inatuhusu kwa sababu mama akienda kumtembelea mwanae Ujerumani au Italia, akapelekwa kwenye harusi ya binamu nchi ya jirani, atapandishwa ndege ya namna hiyo. Kampuni yenyewe imesema kwamba abiria ambaye alishafanya cheki-ini mtandaoni, halafu simu ikazima au ikapotea, atasaidiwa bure uwanjani. Asiyefanya cheki-ini kabla ya kufika ndiye anayelipishwa, na ni euro 55. Kwa hiyo tofauti ya bure na euro 55 iko kwenye kile kitendo cha cheki-ini, ambacho mtoto anaweza kumfanyia mama kwa simu yake mwenyewe akiwa popote. Mama wa huku akikuuliza, mwambie hivyo: mwanao akufanyie cheki-ini, na pasi iwe kwenye simu ya mtu mnayesafiri naye.

Maoni yangu? Makampuni yanasema yanaokoa karatasi. Sawa. Lakini yanaokoa na mishahara ya watu wa kaunta, na ile kazi ya kaunta haikupotea, imehamia kwa mjukuu, kwa jirani, na kwako wewe mwenye mashine ya kuprinti. Ndio maana naiita kazi, na kazi ina malipo. Tutafika huko.

Na isiwe tunaona kila cha mtandao ni adui wa mzee. Basi letu la kwenda Mwanza au Dar, tangu LATRA wasimamie tiketi mtandao, linakupa risiti ya mashine au ujumbe wa SMS, na SMS inasomeka kwenye kitochi. Wenzetu wa Kenya walipoanzisha treni ya Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa 31 Mei 2017, waliweka namba ya *639# ambayo mtu alikata tiketi kwa simu yoyote ya vitufe, akalipa kwa M-Pesa, akaenda kuichukua karatasi yake kituoni. Treni yetu ya SGR ilipoanza safari za Dar na Morogoro 14 Juni 2024, kwa nauli ya shilingi 13,000, watu walikata mtandaoni lakini na dirisha la tiketi lilikuwepo stesheni. Ukiona mfumo una SMS, au una dirisha lenye mtu, mzee ataweza. Ukiona mfumo unataka programu na kimraba kile cha doti doti cha kuskani tu, hapo ndipo mzee anahitaji mtu.

Kumbuka tu: zile risiti za mashine za basi zinafifia. Ile karatasi laini huwa inapoteza maandishi ikikaa juani au ikishikwa na joto la dashibodi. Mzee anaifunga kwenye leso pamoja na pesa, anaiweka kifuani, kesho yake karatasi ni nyeupe. Itoe kopi kwenye karatasi ya kawaida. Dakika moja.

Sasa tuje kwenye kuprinti. Faili likija WhatsApp, liingize kwenye simu yako au kompyuta, liprinti kurasa zote na sio ya kwanza tu, kwa sababu mambo ya mizigo huwa yako nyuma. Kile kimraba cha doti kitoke kizima, kisikatwe pembeni, na wino usiwe umechoka, maana chenye michirizi hakiskaniki. Toa nakala mbili. Moja inakaa na kitambulisho, nyingine inakaa kwa anayemsindikiza au ndani ya begi. Kama mzee ana simu janja, hata ile yenye kioo kilichopasuka aliyorithi kwa mwanae, piga skrinishoti ya tiketi ihifadhiwe kwenye picha, kwa sababu uwanjani mtandao unaweza kusumbua na bando linaweza kuwa limeisha. Mwonyeshe namna ya kuongeza mwanga wa kioo. Na hakikisha anajua namna ya kufungua hiyo simu. Usicheke, nimeshakutana na mama ambaye simu ilikuwa na mchoro wa kufungulia anaoujua mjukuu peke yake.

Chaji ni habari nyingine. Safari ya kutoka huku mpaka Mwanza ni ndefu, na mzee ameanza kupiga simu kuaga tangu alfajiri. Akiwa na pawabenki, mwambie inakaa kwenye begi la mkononi, haiwekwi kwenye begi linalokwenda buti la ndege, wataitoa.

Mizigo. Hapa sisi wenye maduka tuna kitu ambacho mtoto aliyeko Dar hana: mizani. Mama wa huku hasafiri mikono mitupu. Kuna unga wa mtama, kuna karanga, kuna dagaa, kuna samli, kuna asali. Tiketi ya bei ya chini inaweza isiwe na begi kubwa kabisa, ni la mkononi tu, na kilo zimeandikwa. Msomee kilo ngapi anaruhusiwa, halafu mpimie begi lake hapohapo dukani. Likizidi, mwache apunguze mbele yako, akiwa bado na mtu wa kumrudishia nyumbani. Uwanjani kila kilo ya ziada inalipiwa, na akishindwa kulipa mtama unabaki sakafuni. Samli na asali zisiwe kwenye begi la mkononi, wakaguzi wana kanuni zao za vitu vya majimaji. Zifungwe vizuri ndani ya begi la buti, na kama begi la buti halimo kwenye tiketi, mtoto aongeze mtandaoni kabla ya siku, mara nyingi inakuwa nafuu kuliko kulipia uwanjani. Kama mzigo ni mkubwa, mpeleke kwenye basi kama kifurushi, utatangulia au utafuata. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya busara kwa wengi.

Haya, namba ya simu. Mtu anapokata tiketi anaulizwa namba ya simu na barua pepe. Ndege ikibadilishwa muda, na hubadilishwa, ujumbe unakwenda kwenye namba hiyo. Ukimkatia mzee tiketi wewe wakala na ukaweka namba yako kwa urahisi, umejibebesha mzigo: ujumbe wa mabadiliko utaingia kwako saa nne usiku, na mzee ataanza safari alfajiri. Kwa hiyo weka namba ya mzee, au ya mtoto wake anayeshika simu muda wote. Kama lazima iwe yako, andika kwenye daftari jina la mzee, tarehe, namba ya jirani yake, na uangalie ujumbe jioni ya kuamkia safari. Kama huwezi hilo, usikate tiketi, printi tu.

Na tukiwa kwenye kukata tiketi, wenzetu wachache wanatuharibia. Anakata tiketi ya 180,000, anamwambia mzee 210,000. Mzee haoni kioo, anatoa. Halafu mtoto anapiga simu kuuliza bei, inakuwa aibu ya kituo kizima. Sema bei ya tiketi, mwonyeshe, halafu sema "na mimi kazi yangu ni elfu tano" au kiasi chochote unachoona ni haki. Andika vyote viwili kwenye risiti. Mzee hana tatizo na kulipa kazi, amelipa kazi maisha yake yote.

Bei zangu mimi, ili usiseme nimekwepa: ukurasa wa kuprinti ni 500. Kumsomea tiketi, kumwandikia saa na kumpimia begi sichaji. Nimefanya hesabu hiyo kwa biashara, sio kwa huruma tu. Mzee niliyemsomea tiketi vizuri akirudi kutoka Dar anakuja kutoa hela kwangu, na mtoto wake akituma hela anasema "nenda kwa yule kijana." Kamisheni ya kutoa hela kwa mwaka mzima inapita 1,000 ambayo ningemchaji siku ile. Kama wewe uko Mugumu au Tarime mjini, pango lako ni kubwa na foleni ni ndefu, labda hesabu yako ni nyingine. Chaji, lakini tangaza bei ukutani.

Usalama, na hapa niko mkali. Mzee anakupa simu na kusema kwa sauti mbele ya foleni, "weka mwenyewe mwanangu, namba ya siri ni mwaka niliozaliwa." Usiweke. Mrudishie simu, mgeuzie kisogo, mwelekeze kitufe kwa kitufe aweke mwenyewe. Itachukua dakika tatu na wa nyuma watalalamika. Waache walalamike. Siku hela ya mzee ikipotea, wa kwanza kutajwa ni wewe uliyeijua namba.

Picha ya kitambulisho chake ukiipokea kwa ajili ya kukata tiketi, ifute ukimaliza, mbele yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na haimsamehi mtu kwa sababu ana kibanda kidogo. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ikizagaa kwenye simu yako, ikaibiwa na simu, ni wewe.

Na waonye kuhusu matapeli wa tiketi. Mtu anapiga simu, "mzee, tiketi yako ina tatizo, tuma 20,000 kwenye namba hii la sivyo safari inafutwa." Mzee amekaa na wasiwasi wa safari wiki nzima, anaamini. Mwambie asitume hela yoyote kabla hajaongea na mwanae, na hiyo namba iliyomsumbua itumwe kwenda 15040, ni bure.

Mwisho wa karatasi yangu ya kila mzee naandika vitu ambavyo tiketi haina. Namba ya mtoto atakayempokea, na namba ya pili kama ya kwanza haipatikani. Ashukie wapi Mwanza, maana basi la kutoka huku linaweza kumwacha Nyamhongolo na uwanja wa ndege uko upande mwingine kabisa, kwa hiyo aongeze saa nzima ya njiani na hela ya usafiri isiyochanganywa na nyingine. Kama safari ni ya asubuhi, alale Mwanza, asijaribu kutoka huku usiku. Kama anatembea kwa shida, mtoto aombe kiti cha magurudumu mapema kwa kampuni. Na sentensi moja ya kumwonyesha mtu yeyote mwenye sare pale uwanjani: "Naitwa fulani, nasafiri peke yangu kwenda Dar, namba yangu ya bukingi ni hii, naomba unielekeze kaunta." Wazee wengine wanaona aibu kuuliza. Karatasi haioni aibu, anainyoosha tu.

Halafu muulize ya kurudi. Mara nyingi mtoto amenunua ya kwenda na kurudi, na iko kwenye faili hilohilo, ukurasa wa pili au wa tatu. Iprinti leo, iandikie saa leo, uifunge na pini kwenye bahasha tofauti iliyoandikwa KURUDI, kwa sababu siku ya kurudi wewe hutakuwa karibu naye.